Siku Nilimuchagulia Baba Gitare

Seremala mwenye kukaa nyuma ya parcelle yetu, kiwanja chetu, alikuwa anapaka verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, juu ya mulango, na upepo ukaileta ile harufu mpaka ku kitanda yangu. Nilikuwa nimelala, maana siku hizi magoti yangu njo yanaamua kama nitasimama ao hapana. Harufu ikaingia, tamu kidogo, kali kidogo, sawa sukari yenye kuungua, na mimi muzee muzima nikavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Binti yangu akauliza: "Mama, iko malaria?" Nikasema ndiyo. Malaria iko na dawa, bantu banaielewa.

Ninyi benye kuzeeka sawa mimi, benye kuona huu muji wakati bazungu balikuwa bado banauita Élisabethville, njo ninaandikia. Batoto bakitaka, basome. Nilisoma miaka mbili kwa bamasera, basista ba misheni, na mwaka wa pili nilikuwa zaidi mu shamba yao ya mboga kuliko mu klasi. Basi mahali mutaona neno limekaa vibaya, mulinyooshe wenyewe.

Mimi ni Kyungu. Kwetu Baluba, mapasa hawatafutiwi jina. Mwenye kutangulia kutoka ni Kyungu, mwenye kufuata ni Kabange, na tangu siku ile baba yao anaacha kuitwa jina yake, anakuwa Shampasa, baba ya mapasa, na bantu banamusalimia kwa heshima na kwa matusi pamoja. Ndiyo, matusi. Nyimbo ya mapasa ni ya kuaibisha bazazi, mambo ya chini ya nguo, na bazazi banapaswa kucheka. Bamasera habakuzipenda hata kidogo. Mama alikuwa ananikataza kuziimba karibu na misheni, na mimi mahali pa kuziimba nilijua moja tu: karibu na misheni.

Tulikaa mu kampi ya kampuni, nyumba za matofali mu mistari, zote sawa, mpaka mulevi alikuwa anaingia kwa jirani, anavua viatu, anauliza chakula iko wapi. Baba alifanya kazi mu atelier, ku mashini ya kukata chuma. Akirudi, alinawa mikono kwa muchanga na sabuni mpaka ku kiwiko, kiisha anakamata gitare. Alikuwa anafunga krayoni, kalamu ya muti, kwa kamba juu ya shingo ya gitare ili sauti ipande, na anapiga kwa bidole mbili tu, kidole gumba na ile yenye kufuata, lakini ungesema bantu tatu. Kabange aliegemea goti ya kushoto, mimi ya kuume. Hiyo ilikuwa sheria. Kabange aliimba. Alikuwa na sauti nzito kwa mutoto, yenye kukwaruza, yenye mukia: hata kama amekwisha kunyamaza, ulikuwa bado unamusikia kidogo. Mimi sina sauti. Mimi nilikuwa na midomo.

Kiisha Kabange alianza kukohoa. Bakamupeleka hospitali, na asubuhi moja nkambo, mama ya mama yangu, akanishika mukono na kuniambia: "Kabange ameenda kutafuta chumvi."

Nyumbani kwetu hatukusema pasa amekufa. Tulisema ameenda kutafuta chumvi. Na hatukulia. Mushike hii vizuri, maana yote yanatoka pale: pasa moja akienda, hakuna muntu wa nyumba mwenye kulia, baba hapana, mama hapana, kwa sababu yule mwenye kubaki atasikia kilio, atajua njia, atafuata. Siku ya kumuzika balitupaka pemba, udongo mweupe, ku uso, bamama bakaimba zile nyimbo ya matusi, bakacheza mpaka ku makaburi, na baba akatembea mbele yao anapiga gitare, anacheka, meno yote inje. Mimi nilicheza sana. Nilizani ni fête, sikukuu. Nilikuwa na miaka sita hivi, na kintu kimoja tu kilinichoma: juu ya nini balimutuma yeye, mimi balinibakisha?

Kesho yake gitare ya baba ilikuwa chini, shingo imevunjika, na uso umepasuka.

"Ilianguka," baba akasema.

Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Hakugeuka. Mimi niliamini ilianguka, niliamini miaka mingi, mpaka siku moja, mimi mwenyewe nikiwa na batoto, nikafikiri: gitare yenye kuanguka kutoka ku musumari haipasuki vile. Ile ilipigwa chini.

Nkambo aliendelea kuweka sahani mbili mbele yangu, kwa sababu pasa hapewi kintu kimoja. Nilikula ya kwangu, kiisha nilikula ya Kabange. Sina tena muda wa kudanganya: nilinenepa. Blanketi ilikuwa yangu peke yangu. Goti mbili za baba zilikuwa zangu zote, hata kama hazikuwa na muziki tena. Na ninyi munaofurahi kusema mutoto hana ubaya, njooni muniulize.

Kati ya cité ya bantu beusi na muji wa bazungu kulikuwa magazini, duka, ya Mugiriki moja munene, bantu balimuita Mashavu. Ku maduka ya bazungu bengine mulinunua ku dirisha, munyooshe mukono sawa muntu mwenye kuomba. Kwake mulipita ku mulango. Siku moja alifungua sanduku yenye kutoka Ulaya, na ndani mu majani makavu, gitare mbili. Habari ilifika ku kampi kabla ya yeye kumaliza kuondoa misumari. Zile hazikuwa gitare ya mbao ya sanduku ya sabuni, yenye kupinda ku mvula ya kwanza. Uso wao ulikuwa wa muti mweupe, mistari yake imekaribiana sawa nywele yenye kuchanwa, na mugongo wa muti mwekundu, na mu verni yao uliweza kujiona. Zilikuwa sawa sawa, mpaka Mashavu mwenyewe aliweka alama ya chaki ku moja, kiisha akasahau ile alama ilikuwa ya nini.

Baba alienda pale kila siku ya posho, Jumamosi mchana, juma nne. Franka zake zilikuwa tayari, si hizo zilikuwa shida. Shida ilikuwa gani kati ya mbili. Alizigonga kwa kidole, akazinusa mu tundu, akafunga jicho moja na kuangalia shingo sawa muwindaji na bunduki. Alipiga wimbo moja ku hii, wimbo ule ule ku ile. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Juma ya tano akanipeleka. Musione ni mambo ya kuchekea mutoto. Kwetu mukono ya pasa unaulizwa: mahali pa kulima, siku ya kusafiri, hata bibi ya kuoa. Nkambo ndiye alimuambia: "Shampasa, unasumbuka bure. Uko na Kyungu mu nyumba." Kiisha akaongeza kwa mashaka: "Lakini bintu mbili ya tumbo moja, kukamata moja na kuacha ingine, mi sipende."

Ile mashaka ilikuwa imekwisha kupata dawa, maana kulikuwa Papa Dominiki. Huyu alikuwa karani, muntu wa Kasai, mustari wa pili kutoka kwetu, mwenye viatu vyenye kulia kwi-kwi na Kifaransa cha kutosha nyumba kumi. Alikuwa ameamua kununua ile itakayobaki, basi gitare zote mbili zingekaa kampi moja.

Nilikaa juu ya mufuko ya mihogo. Magazini ilinuka samaki makavu, petroli ya taa, na juu ya yote ile verni.

"Shampasa, wewe nakuja tena?" Mashavu akasema. "Gitare yangu itaota ndevu. Hii sawa na hii! Muti moja, fundi moja, sanduku moja!"

"Patron, hata batoto bangu balitoka mu sanduku moja," baba akajibu, "na moja alikuwa mupole, ingine njo huyu."

Bantu bakacheka. Papa Dominiki alikuwa pale, kofia ku mukono. "Chagua tu, Shampasa. Miye nitachukua yenye kubaki. Nataka ikae ku ukuta, bageni baone niko muntu."

"Ukitundika gitare ku ukuta sawa picha ya askofu, itakulaani."

"Basi utakuja kuipiga mara moja moja, uipunguzie kasirani."

Baba akafunga krayoni ku ile ya kwanza, akapiga. Sauti yake ilikuwa ya wazi, kila moja imetoka, imekwisha, sawa mvula juu ya bati. Miguu yangu ikacheza yenyewe.

Akahamisha krayoni ku ya pili, akapiga wimbo ule ule.

Nisema namna gani? Ilikuwa wimbo ule, lakini sauti hazikwisha. Ile kamba nene ilisema, ikanyamaza, na bado ulikuwa unaisikia, inakwaruza, inavuta mukia. Kabange iko mule ndani. Sikusema "sawa Kabange," hapana. Nilijua ni yeye, amerudi na chumvi yake, amejificha mu lile tundu jeusi ili anishtue, na mu nyumba atatoka. Na palepale nikaona yote: goti ya kushoto, nusu ya blanketi, ile sahani. Na ameenda bila mimi, kiisha anarudi na furaha sawa hakuna kintu.

Niliangalia baba. Alikuwa amefunga macho. Kidevu chake kilitetemeka kidogo. Nilizani anazuia kicheko, kwa sababu yeye pia amemusikia.

"Kyungu, mama," akasema. "Gani?"

"Ile ya kwanza."

"Sikia tena." Akapiga tena ile ya pili, pole pole. "Unasikia nini?"

"Sisikie kintu."

"Kweli?"

"Ile inakohoa," nikasema. "Ile ni ya bantu bagonjwa."

Baba alinitazama. Ningali naona yale macho yake mpaka leo, na hakuna siku yamepungua. Aliweka ile gitare juu ya meza kwa mikono mbili, sawa muntu anaweka mutoto mwenye kulala, na akachukua ingine.

"Aba! Aksanti, mama yangu," Papa Dominiki akacheka. "Umenipatia mugonjwa!"

Sasa musizani ile tuliyochukua ilikuwa mbaya. Ilikuwa gitare ya kweli. Kiangazi kikaja na baridi yake yenye kupasua midomo na mbao, haikupasuka. Ku ndoa bantu mia balicheza na uliisikia mpaka ku mustari wa mwisho ya kampi. Kama ingekuwa mbaya, ningepata mahali pa kutupa kosa. Zote mbili zilikuwa nzuri. Baba tu, alipiga macho wazi. Alipiga kwa bantu. Nyumbani aliifunga krayoni, anapiga kidogo, anasikiliza kama kuna kintu kitafuata, hakuna kinafuata, anaitundika. Mama hakulia hata siku moja, aliacha tu kuimba wakati ya kufua. Tulikuwa nyumba ya bantu bazima, safi, benye kushiba, na hakuna mwenye kulia, na mimi nilizani hiyo njo amani.

Kiisha baba akaanza kupitia kwa Papa Dominiki kila siku ya Mungu, Jumapili, misa ikikwisha. Nilimufuata mara moja. Nilisimama chini ya dirisha, nikasikia ile gitare, ile sauti yenye mukia, na juu yake sauti ya baba. Nilipanda juu ya tofali. Baba alikuwa amekaa ku kiti, gitare ku kifua, uso umelowa mpaka shati, na mudomo wazi, anasema jina ya Kabange. Papa Dominiki alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sikuelewa kama ni kulia. Sikuwa nimeona mwanaume mukubwa analia, na mu nyumba yetu hakuna mwenye kulia. Nilielewa kintu kingine: Kabange ametoka, banacheza naye kwa Papa Dominiki, bananificha. Nikakimbia mpaka kwa nkambo na kupiga kelele: "Baba iko na Kabange! Iko anamuita!"

Nkambo aliacha unga chini. Hakuvaa hata viatu. Alifika ku mulango ya karani na baba akainuka haraka, kiisha akachutama, macho chini, sawa muntu anavyofanya mbele ya mama ya bibi yake.

"Shampasa! Unataka kuua na huyu?"

"Unisamehe, mama. Mi niko muntu."

"Muntu? Weye hauko muntu, weye uko Shampasa! Ulicheka siku ya makaburi, utacheka mpaka mwisho! Angalia mutoto, iko pale, amesikia yote!"

"Mama, ni kidogo tu," baba akasema. "Ni kidogo tu nilikuwa nataka."

Papa Dominiki akajaribu: "Mama, ni gitare..."

"Weye nyamaza na kintu yako ya kukohoa!"

Siku tatu kiisha pale, homa ikanikamata. Ilikuwa malaria, ile ile ya batoto bote, dawa ya hospitali ikaiondoa mu juma moja. Lakini nkambo alikuwa anakaa ku kichwa yangu, na kila mara baba akiingia alimutazama tu. Baba alisimama ku mulango, mikono nyuma. Hakunikaribia. Nilinyoosha mukono, hakuja. Nilizani amekasirika kwa sababu nilimuchongea.

Siku nilisimama, nikamukuta anafunga sanduku yake ya bati. Alikuwa ameomba kampuni imuhamishe ku mine, machimbo ya Kipushi.

"Tunaenda bote?" nikauliza.

"Hapana, mama. Miye peke yangu."

"Na gitare?"

Aliitazama pale ku musumari. "Hiyo ni yako. Weye njo ulichagua."

Alisema kwa upole. Nilimaliza miaka yangu ya utoto kwa kugeuza yale maneno, huku na huku, natafuta kama kuna upole ndani, na kila mara nilipata lawama. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, kiisha mwezi moja ku tatu, na analeta kila kintu mbili: nguo mbili, viatu jozi mbili, mikate miwili. Anakaa mbali kidogo na mimi. Ananiuliza kama ninalala vizuri, kama sioti. Namujibu siote. Anaondoka. Mama aliuza gitare kwa kijana moja wa ku mutaa ya Kenya, hapa hapa mu muji, na baba aliposikia akasema tu: "Ni muzuri, itacheza." Papa Dominiki alirudi Kasai na ile ingine. Sijui iliko. Pengine bajukuu bake balikwisha kuiwasha moto.

Nilikuwa musichana wa kuolewa wakati habari ya kifo cha baba ilitufika. Tulienda Kipushi juu ya kamio, lori ya mizigo, mama na mimi na nkambo, mwenye kuwa kipofu tayari. Ku kilio, mwanamuke moja, jirani ya baba, akanishika ku bega na kunivuta pembeni.

"Weye njo Kyungu?"

"Ndiyo, mama."

"Aba, kumbe uko mukubwa vile. Shiye tulizani uko mutoto mudogo. Baba yako, mama, alikuwa muntu muzuri, lakini ile kilio! Kila siku ya Mungu anakaa nyuma ya jikoni, analia sauti ya juu, sawa bamama, anaita Kabange, Kabange. Bengine balisema ni wazimu. Bwana yangu akamuuliza: 'Papa, juu ya nini haulilie kwenu, pamoja na bantu yako?' Akajibu: 'Huku iko mbali. Kyungu hatasikia.'"

Bantu balikuwa banaimba, mavumbi yalikuwa mengi, na mimi nilikuwa nahesabu: miaka kumi na moja ya siku za Mungu.

Mwishoni nikamuuliza: "Alikuwa anapiga gitare wakati ya kulia?"

Yule mama akanishangaa.

"Gitare? Baba yako alijuaka kupiga gitare?"

"Hapana," nikasema. "Ninauliza tu."